Kitochi cha Bibi

Desemba 2024 nilikaa siku nzima sebuleni kwa Bibi, Chonyonyo, nikiwa nimeweka simu mbili uso kwa uso juu ya mkeka. Moja ilikuwa yangu, simujanja ya kawaida yenye ufa kwenye kioo. Nyingine ilikuwa ya Bibi: kitochi cha vitufe, kimepauka pale kidole gumba kinapopita kila siku. Kazi yenyewe haikuhitaji ujuzi. Nabonyeza kitufe cha katikati kwenye kitochi, sauti ya Babu inatoka, simu yangu inairekodi. Ikimalizika naandika tarehe kwenye daftari, nateremka kwenye ujumbe unaofuata. Zilikuwa jumbe 41.

Mvua ilipoanza kupiga bati tulisimama, tukasubiri. Jogoo hakuwa na subira hiyo, na ukisikiliza rekodi zangu leo utamsikia nyuma ya sauti ya Babu kana kwamba wanajibizana.

Babu alifariki mwaka 2022. Miezi yake ya mwisho aliishi Mwanza kwa baba mdogo ili awe karibu na matibabu, na karibu kila jioni alimtumia Bibi ujumbe wa sauti kwa Kinyambo. Bibi hajui kusoma. Kinyambo chenyewe, hata sisi tuliokwenda shule, tumezoea kukisema na si kukiandika. Kwa hiyo barua za mwisho za ndoa ya zaidi ya miaka hamsini hazikuwa kwenye karatasi. Zilikuwa ndani ya programu moja, ndani ya simu moja, na ilikuwa imeshatangazwa kwamba programu hiyo haitafanya kazi tena kwenye simu za namna ile kuanzia mapema mwaka 2025.

Habari hiyo niliisoma tangu Juni. Nikaahirisha. Kwanza mitihani, kisha pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili, kisha nauli. Nilipopanda basi la kwenda Karagwe zilikuwa zimebaki wiki chache, na kosa hilo ni langu mwenyewe.

Jioni, tulipopumzisha simu zipate chaji, Bibi aliniuliza swali ambalo nililijibu vibaya. Alisema, "Mume wangu, simu ni nzima. Inawaka, inaita, inaimba. Sasa ni kitu gani ndani yake kinachokufa?" Nikamwambia ni mambo ya kampuni. Akaguna, akarudi kumenya ndizi. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu upya, na jibu lake linaanzia mbali kidogo na Chonyonyo.

*

Ndani ya kila simu na kila kompyuta kuna programu inayotangulia nyingine zote. Inaitwa mfumo endeshi. Ndiyo inayoamua nani atumie kumbukumbu kiasi gani, nani aguse kamera, nani aongee na mnara wa mtandao. Ukitaka kuielewa, usifikirie mashine, fikiria gulio. Kuna uwanja, kuna mtu anayepanga nani akae wapi, kuna ushuru, kuna kanuni zisizoandikwa za wauza samaki na wauza mitumba. Bidhaa si za uwanja. Lakini bila uwanja hakuna pa kuzitandaza, na bila wenye bidhaa uwanja ni nyasi tu.

Leo, upande wa simu, dunia imebakiwa na viwanja viwili vikubwa, Android ya Google na iOS ya Apple. Vilivyobaki huitwa mifumo mbadala, au ya majaribio, na historia yake husimuliwa kama orodha ya marehemu. Msimuliaji hutaja jina, anasifu akili ya waliobuni, anasikitika kwamba soko halikuelewa, anapita kwa marehemu mwingine.

Nami nimezisoma orodha hizo kwa mapenzi. Kuna mfumo ulioitwa Plan 9, uliobuniwa Marekani katika maabara ya Bell Labs na baadhi ya watu walewale waliokuwa wametengeneza Unix, akiwemo Ken Thompson. Jina walilichukua kwenye filamu ya viumbe wa anga za juu inayosifika kwa ubovu wake. Wazo lao lilikuwa safi: kila kitu kionekane kama faili, iwe ni kipanya, skrini au kompyuta iliyo jengo la pili, kiasi kwamba mtu akae mezani pake na kutumia mashine za ofisi nzima kana kwamba ni moja. Mwaka 1992 waliutoa kwa vyuo vikuu. Dunia haikuhamia huko. Unix ya zamani na jamaa zake zilikuwa zinatosha.

Lakini mwaka huohuo, Septemba, Thompson na mwenzake Rob Pike walikuwa wanakula chakula cha jioni katika mgahawa mmoja wa New Jersey, wakiwa na tatizo la jinsi Plan 9 itakavyohifadhi herufi za lugha zote za dunia. Thompson alichora jibu kwenye kikaratasi cha kutandika chini ya sahani. Jibu hilo liliitwa UTF-8. Leo karibu kurasa zote za wavuti zimeandikwa kwa namna hiyo, na makala unayosoma sasa yamekufikia hivyo. Plan 9 haikupata gulio, lakini mbegu yake moja imeota katika kila shamba.

Hilo lilinifundisha kuwa mwangalifu na neno kufa. Hata hivyo halikunisaidia kumjibu Bibi, kwa sababu Plan 9 ilipokosa soko hakuna bibi aliyepoteza kitu. Ilikuwa ni habari ya wataalamu na maabara zao. Nilihitaji jaribio ambalo liliwafikia watu wa kawaida, na la kwanza nililolijua lilikuwa jirani kabisa.

*

Mwaka 2009 nilikuwa shule ya msingi. Mjomba wangu alikuwa akifanya biashara ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, na safari moja alirudi na habari ambayo darasani hakuna aliyeniamini nilipoisimulia: kwamba huko kuna watoto wa rika letu wanaotembea na kompyuta za kijani zenye masikio.

Zilikuwa kweli. Mradi wa Laptop Moja kwa Kila Mtoto ulitangazwa mwaka 2005 na Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, kwa ahadi ya kompyuta ya dola 100. Bei halisi ilikaribia dola 200. Kompyuta yenyewe, XO, ilikuwa ya plastiki nyeupe na kijani, yenye antena mbili zinazosimama kama masikio ya sungura, na skrini iliyoweza kusomeka hata juani. Rwanda iliingia mapema na kuwa nchi iliyoongoza Afrika katika mradi huo. Kwa miaka iliyofuata shule zake zilipokea zaidi ya kompyuta 200,000.

Watu wengi walizungumzia bei na plastiki. Kilichokuwa kigeni zaidi kilikuwa ndani. XO haikuja na Windows. Ilikuja na Sugar, mazingira yaliyojengwa juu ya Linux chini ya uongozi wa Walter Bender, na waliobuni Sugar walikuwa wamejiuliza swali ambalo wengine hawakujishughulisha nalo: kwa nini mtoto wa miaka minane apewe ofisi? Maana kompyuta tunazozijua ni ofisi iliyochorwa. Kuna dawati, kuna mafaili, kuna makabrasha, kuna pipa la taka. Mtoto wa kijijini hajawahi kuwa karani.

Wakayaondoa yote. Mtoto akiwasha XO alijiona mwenyewe, alama ndogo ya mtu katikati ya skrini, amezungukwa na shughuli anazoweza kufanya: kuchora, kuandika, kupiga muziki, kupima. Hakukuwa na kuhifadhi faili. Kila alichofanya kiliingia chenyewe kwenye shajara, kwa mpangilio wa siku, kama kumbukumbu ya mtu inavyofanya kazi. Akirudi nyuma hatua moja aliona marafiki zake. Akirudi hatua nyingine aliona mtaa mzima, yaani XO zote zilizo karibu, kila moja na rangi yake, na aliweza kujiunga na kazi ya mwenzake bila intaneti, mashine kwa mashine. Kulikuwa hata na kitufe kilichokusudiwa kumwonyesha mtoto programu anayoitumia imeandikwaje, ili akitaka aibadilishe.

Ninapoyasoma haya leo nasikia wivu wa mtoto wa darasani kwetu. Mimi kompyuta ya kwanza kuigusa nilikuwa sekondari, tulikuwa wanne kwenye kiti kimoja, na somo lilikuwa jinsi ya kuizima.

Lakini Sugar nayo iliingia kwenye orodha ya marehemu kabla haijazeeka. Bender aliondoka kwenye mradi Aprili 2008, na mwezi uliofuata OLPC na Microsoft wakatangaza kwamba XO itaweza kuendesha Windows XP. Serikali nyingi zilikuwa zinauliza swali moja la haki: mtoto akimaliza shule, ataikuta Sugar wapi? Shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme wa kuchaji. Walimu walipewa mashine kabla ya kupewa mafunzo, na mitihani iliendelea kuwa ya karatasi ileile. Nchini Peru, watafiti walipolinganisha shule 319 za vijijini, hawakuona XO zikipandisha alama za hisabati wala lugha. Rwanda baadaye ilihamia kwenye kompyuta za Positivo, zenye Windows, zilizounganishwa hukohuko nchini. Ofisi ilirudi.

Nisingependa kuiandika hadithi hii kama msiba, kwa sababu kundi la Sugar Labs alilolianzisha Bender mwaka huohuo wa 2008 bado linaendelea na kazi yake. Ila kuna jambo moja ambalo lilinirudia nikiwa kwenye mkeka wa Bibi. Sugar ilikuwa mfumo wenye falsafa nzito na ulishushwa kutoka juu: rais, wizara, makontena, shule. Kule kwetu hakuna mtu aliyemletea Bibi falsafa. Mfumo wa majaribio ulimjia kupitia duka la simu.

*

Kwanza, neno. Kitochi ni neno letu. Hakuna kampuni iliyolibuni. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100, simu ngumu isiyoogopa vumbi, yenye taa ndogo kichwani. Zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani. Huku ambako usiku ni usiku kweli, taa ile haikuwa pambo. Simu ikaitwa simu ya tochi, kisha kitochi, na jina likabaki kwa kila simu ndogo ya vitufe, iwe na taa au isiwe nayo. Kitochi maana yake ni simu inayokaa na chaji siku kadhaa, inayoanguka ikaokotwa, ambayo mwizi haihangaikii.

Sasa tuhamie Julai 2011, kwenye shirika la Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox. Wahandisi wake walitangaza mradi wakauita Boot to Gecko. Gecko ni injini ya kivinjari chao, sehemu inayogeuza msimbo wa ukurasa kuwa kitu unachokiona. Walichopendekeza ni simu ambayo ikiwashwa inaingia moja kwa moja kwenye injini hiyo, bila kitu kingine katikati.

Maana yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Kwenye Android au iOS, anayetaka kuandika programu hufuata lugha na zana za mwenye uwanja, na kwa kawaida huiuza kupitia duka lake. Mozilla walisema wavuti tayari ni uwanja usio na mwenyewe. Mtu yeyote anayejua kutengeneza ukurasa, kwa HTML, CSS na JavaScript, awe tayari ni mtengenezaji wa programu za simu. Chini kabisa waliweka kiini cha Linux na vidude vya kuongea na chuma, wakakiita Gonk. Juu yake Gecko. Juu yake Gaia, yaani sura yote anayoiona mtumiaji, na Gaia nzima ilikuwa kurasa za wavuti: skrini ya kupiga namba ni ukurasa, kikokotoo ni ukurasa, saa ya kuamsha ni ukurasa.

Mwaka 2012 mradi ulipewa jina la Firefox OS. Julai 2013 simu ya kwanza, ZTE Open, ilianza kuuzwa Hispania. Mwaka 2014 Mozilla walionyesha mpango wa simu ya dola 25, na India ikapata simu ya Intex ya rupia 1,999. Walengwa walikuwa wazi: watu bilioni ambao bado hawakuwa na intaneti, yaani sisi.

Na sisi, kwa kiasi kikubwa, hatukuitaka. Simu zilikuwa nzito kuitikia. Simu za Android zilikuwa zinashuka bei kila mwaka. Na kulikuwa na pengo moja lililotajwa kila mahali: WhatsApp haikuwahi kuwa na toleo rasmi la Firefox OS. Uwanja ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini mfanyabiashara mmoja ambaye wateja wote walimfuata hakuja. Desemba 2015 Mozilla walitangaza kuacha kuuza simu hizo.

Hapa ndipo waandishi wengi wa historia ya mifumo huweka nukta. Marehemu mwingine. Lakini msimbo wa Firefox OS ulikuwa huria; mtu yeyote aliruhusiwa kuuchukua. Kampuni changa, KaiOS Technologies, iliuchukua, ikaufanyia jambo ambalo Mozilla hawakulifikiria kwa uzito: iliacha kushindana na simujanja. Ikauondoa kwenye skrini ya kugusa, ikaupanga upya kwa ajili ya vitufe, ikaubana uishi kwenye megabaiti 256 za kumbukumbu. Mwaka 2017 kampuni ya Jio ya India iliuweka kwenye JioPhone na kuuza simu hizo kwa mamilioni. Mwaka 2018 Google, mwenye uwanja mkubwa kuliko wote, iliwekeza dola milioni 22 ndani ya KaiOS. Mwaka huohuo WhatsApp ilikuja kwenye JioPhone, na mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa simu za KaiOS kwa jumla.

Ndipo mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilipoleta simu ya KaiOS na kuipa jina ambalo lilikuwa limeshazaliwa mitaani: Smart Kitochi. Simu nyingine za aina hiyo zikafuata madukani. Jaribio la Mozilla, ambalo huko lilikozaliwa lilikuwa limeshaandikiwa tanzia, lilikuwa linaanza maisha yake kwetu.

*

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Bumu lilipoingia mwaka 2020 nilimnunulia Bibi kitochi kimoja cha namna hiyo. Sikujua lolote kuhusu Gecko. Nilijua tu kwamba Bibi amekataa simu ya kupapasa, kama anavyoiita, kwa sababu vidole vyake vimekakamaa kwa jembe na kioo hakimsikii. Vitufe vilimsikia. Nilimfundisha mambo matatu: kuwasha tochi, kusikiliza Redio Fadeco ya pale Kayanga, na kushikilia kitufe anaposema ujumbe kisha kukiachia.

Jambo la tatu ndilo lililobadilisha nyumba. Mtu asiyejua kusoma hana matumizi na meseji. Lazima amtafute mtoto wa jirani amsomee, na siri inapita kwenye sikio la tatu. Kwa ujumbe wa sauti Bibi aliandikiana na mumewe bila karani. Alimsimulia ng'ombe aliyezaa, kahawa iliyoiva mapema, nani kaoa na nani kagombana. Babu kila ujumbe aliuanza kwa "Waitu," kwa sauti ya chini ya heshima, kama mtu anayebisha hodi, kisha akamsalimia kana kwamba hawajaonana mwaka mzima.

Mwanahistoria David Edgerton, katika kitabu chake The Shock of the Old cha mwaka 2006, analalamika kwamba historia ya teknolojia imezoea kuhesabu tarehe za uvumbuzi na kusahau matumizi, na kwamba ukihesabu matumizi unapata ramani nyingine na kalenda nyingine. Nilipokisoma darasani nilikubaliana nacho kama mtu anavyokubaliana na hoja nzuri. Nilipoketi kwenye mkeka niligundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa bado naihesabu simu ya Bibi kwa kalenda ya watengenezaji.

Kwa kalenda hiyo, Firefox OS ilizaliwa 2011 ikafa 2015. Kwa kalenda ya Chonyonyo ilifika 2020, ikabeba ndoa miaka miwili, ikabeba msiba, na ikabaki kuwa sanduku la barua. Kwa kalenda ile ulikuwa mfumo mbadala. Lakini mbadala wa nini? Bibi hakuwahi kuwa na mfumo mwingine ili huu uwe mbadala wake. Haukuwa wa majaribio pia. Alikuwa anautumia kwa dhati, kila jioni, kuliko mimi ninavyoitumia simu yangu. Maneno hayo mawili, mbadala na majaribio, yanamwelezea msemaji amesimama wapi. Hayasemi chochote kuhusu simu.

Sasa narudi kwenye swali lake: ni kitu gani kinachokufa? Jibu nililopaswa kumpa ni hili. Simu ni nzima, Bibi. Uwanja upo. Anayeondoka ni mwenye bidhaa. Juni 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la KaiOS, na waliokuwa nayo tayari waliambiwa itafanya kazi hadi mapema 2025. Haikuwa mara ya kwanza. Mwisho wa 2017 iliziacha BlackBerry, mwisho wa 2018 simu za Nokia S40, mwisho wa 2019 Windows Phone. Kila mara palikuwa na mifumo iliyokuwa bado inawaka mifukoni mwa watu, na tarehe ikatangazwa.

Yule aliyekosekana Firefox OS ikadhoofika, akaja KaiOS ikanawiri, sasa anaondoka. Hapo naona udhaifu wa ndoto ya Mozilla, na sijui nani angeuponya. Walifungua uwanja ili asiwepo mwenye uwanja. Hawakuweza kufungua watu. Watu hufuata walipo watu wao; Bibi hakuipenda programu, alimpenda Babu aliyekuwa upande wa pili. Mfumo endeshi unaweza kuwa huria hadi mstari wa mwisho wa msimbo na bado uhai wake ukawa mikononi mwa mtu mmoja asiyeumiliki. Sugar ilikuwa na upande mmoja wa jibu: watoto wake waliongea mashine kwa mashine, bila mtu wa kati. Ila mashine ya Sugar haikufika Mwanza, na sauti ya Babu ilihitaji kufika kutoka Mwanza.

*

Tulimaliza siku ya pili, kabla ya saa sita mchana. Kati ya jumbe 41 nimerekodi 40. Mmoja, wa katikati ya Machi 2022, una mshale wa kupakua tu. Siku ile bando la Bibi lilikuwa limekwisha, na alipoweka vocha jumbe nyingine zilikuwa zimeshaingia juu yake, akaanza na mpya. Huo wa nyuma hakuwahi kuugusa. Niliubonyeza mara nyingi. Mshale ulizunguka, ukasimama.

Nilimweleza Bibi nilivyoweza: kwamba faili ambalo halijapakuliwa halikai kule likimsubiri mtu miaka. Alitazama ule mshale kwa muda. Akasema siku hizo Babu alikuwa anauliza sana habari za mgomba wa nyuma ya jiko, kwa hiyo labda ni mgomba. Kisha akasema labda si mgomba.

Rekodi zangu ziko sehemu tatu sasa, kwenye simu, kwenye kompyuta ya chuo na kwenye flashi aliyonayo baba mdogo. Nimeanza kuziandika kwa Kinyambo, polepole, nikimpigia Bibi kila ninapokwama kwenye neno, na ninakwama sana. Kuna maneno ya Babu ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mtu mwingine. Yakishaandikwa yatahifadhiwa kwa UTF-8, urithi wa mfumo mwingine ambao haukupata soko.

Nilimwachia simu mpya, ya Android, na nikamwekea picha kubwa ya kila mtoto wake ili abonyeze sura badala ya namba. Anaitumia kwa shingo upande. Mwezi Februari nilipopiga nilimuuliza kama bado anacho kile cha zamani. Akacheka. Kipo dirishani, akasema, kinapata jua. Kila usiku anatoka nacho kwenda kumtazama ng'ombe, kwa sababu hii mpya tochi yake lazima uipapase kwanza, na ng'ombe hasubiri.